Barua kwa Mama Imani wa Kihesa, Iringa, kuhusu mnada wake wa vikapu mtandaoni

Uyole, Mbeya
14 Juni

Mpendwa Mama Imani,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi ni wazima, ila kifua cha Atu kinasumbua kama kawaida yake kila ikifika Juni. Natumaini nanyi huko Kihesa hamjambo. Bibi mfikishie shikamoo yangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unataka kufanya maonesho ya vikapu mtandaoni, kijana wako wa chuoni Mkwawa ameshaanza kuhangaika na Zoom, na unafikiria kumwomba diwani awe mgeni rasmi. Ulipofika hapo kwa diwani nikaona jibu la sauti halitatosha, acha nikae niandike.

Diwani mwache kwanza. Akiwepo mgeni rasmi lazima awepo wa kumkaribisha, na wa kumkaribisha anayemkaribisha, halafu itifaki izingatiwe, halafu risala. Ukumbini watu huvumilia kwa sababu kuna soda na kutoka katikati ni aibu. Kwenye simu hakuna aibu, mtu anabonyeza tu anaondoka, na bando ni lake. Inakadiriwa kwamba kwenye Zoom mkutano wa video wa watu wengi hula kati ya MB 810 na GB 2.4 kwa saa. Sasa mteja wako wa Kimara amekatia bando lake la wiki kuja kuona vikapu, usimlishe utambulisho wa meza kuu. Dakika ya kwanza aone kikapu.

Jambo lenyewe ninalotaka kukuambia ni hili: kazi ni mwaliko. Ile saa ya kuwa hewani ni ndogo kuliko unavyofikiri. Wengi wanaofanya hivi vitu wanahangaika na kamera wiki nzima, kisha siku moja kabla wanatupa bango kwenye makundi yote waliyomo, la ukoo, la kwaya, la waliosoma pamoja, wakingoja watu. Bango la namna hiyo watu wanalipita kama tangazo la msiba wa wasiyemjua. Wewe fanya kinyume. Chukua daftari lako la oda, andika majina ya waliowahi kununua kwako hata kikapu kimoja, na waliowahi kuuliza bei wakapotea. Hao ndio wageni. Kila mmoja mtumie ujumbe wa sauti wa kwake, umtaje jina na umtaje kikapu chake. "Dada, lile kapu la nguo ulilochukua Krismasi bado limesimama? Jumapili ya mwisho wa mwezi nawaonyesha mengine, nikuwekee nafasi?" Hapo hawezi kukaa kimya. Atajibu ndiyo, au atajibu hapana na kukutajia mtu mwingine.

Utasema hiyo itakuchukua muda. Itakuchukua, na ndiyo matangazo yenyewe. Kulipia matangazo Facebook sikukatazi, lakini subiri kwanza ujue nani hununua na kwa nini, la sivyo utakuwa unalipia kupendwa na watu wa Kampala wasioweza kupokea mzigo.

Ile listi ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) itumie baadaye kwa vikumbusho tu. Inabeba watu 256, na kuna kitu wengi hawakijui: ujumbe wa listi haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako kwenye simu yake. Unaweza kuona umetuma kumbe nusu hawajapata. Kwa hiyo katika ule ujumbe wa kwanza mwombe mtu akuhifadhi. Na usiwaburuze watu kwenye kundi jipya bila kuwauliza. Licha ya kuwa ni ukosefu wa adabu, tangu ilipopita Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 namba ya mtu si kitu cha kuchezea. Ukitaka kurekodi, sema mwanzoni kabisa kwamba unarekodi, asiyependa kuonekana azime kamera yake.

Siku. Jumapili ya mwisho wa mwezi ni nzuri, mishahara imeingia na watu wametoka kanisani. Saa 10 jioni inafaa, ila mwambie kijana wako aangalie ratiba ya mpira kwanza. Simba na Yanga wakiwa uwanjani, Mama Imani, hata ukigawa vikapu bure utabaki na bibi peke yake. Kwenye mwaliko andika saa 10 jioni, yaani 16:00, maana wale wa nje wameshazoea kuhesabu kizungu na wataingia saa 10 yao. Shangazi yake Imani aliyeko London itakuwa saa 8 mchana kwake kwa majira haya ya kiangazi chao, na wale wa Boston ni saa 3 asubuhi. Mkiweka saa za Nairobi kwenye mipangilio ya Zoom, mtu akiuingiza mwaliko kwenye kalenda ya simu yake utambadilishia saa zake.

Zoom ya bure inakata kwenye dakika 40 na kuchukua watu 100. Usinunue ya kulipia. Dakika 40 ndizo unazozihitaji, na ile kujua kwamba muda utakwisha inamfanya mnunuzi aamue. TikTok usiitegemee bado, kwa kawaida wanataka uwe na wafuasi 1,000 ndipo wakuruhusu kwenda laivu.

Sasa nini cha kuonyesha. Hapa nikueleze nilivyofanya mwaka jana na kahawa yangu, kwa sababu naona kuna kitu cha kukusaidia. Wiki moja kabla nilimtumia kila aliyekubali mwaliko pakiti ya gramu 50 za kahawa ya Mbozi kwa basi, Dar, Dodoma, Morogoro. Wakalipia nauli ya mzigo, kahawa nikawapa. Gramu 50 ni vikombe vitatu hivi vya maana. Siku ilipofika kila mtu alikuwa na sufuria yake jikoni, tukachemsha pamoja, na mimi huku nikakaanga nyingine mbele yao kwenye kikaango cha chuma. Nikaweka simu karibu wasikie punje zinavyolia zikianza kupasuka, maana ule mlio ndio unaotuambia tuwe macho. Kwenye majaribio na Atu akasema hasikii kitu. Kumbe Zoom ina tabia ya kufuta chochote kisichofanana na sauti ya mtu, inadhani ni kelele. Kwenye mipangilio ya sauti kuna mahali pa kuiambia iache sauti ipite kama ilivyo. Wakasikia. Mmoja akaacha hata kunywa akauliza, "Hiyo ni kahawa au mahindi?" Basi tukaongea kahawa mpaka muda ukatukata, na wengi wa waliokuwepo ndio wateja wangu wa kila mwezi hadi leo.

Kwako kikapu hakitumwi kama sampuli, najua. Lakini unyasi unatumika. Weka nyuzi chache za milulu kwenye bahasha, mbichi ya rangi yake na iliyotiwa rangi, uwatumie wale ishirini unaowaamini zaidi. Mtu aliyeshika milulu mkononi, akainusa, ataelewa bei yako bila wewe kujitetea. Wa nje wataikosa, si neno.

Halafu usijaribu kusuka kikapu kizima mbele yao. Kikapu ni kazi ya siku kadhaa, na hakuna kinachochosha kama kuangalia mwanzo wa kitu usichokiona mwisho wake. Andaa vitatu: kimoja ni kitako tu, kama kisahani, kimoja kimefika nusu, kimoja kimebakiza ukingo. Unaonyesha unavyoanza kwenye cha kwanza, unaweka chini, unachukua cha pili uonyeshe unapoongeza unyasi mpya bila fundo kuonekana, kisha unafunga ukingo wa cha tatu wakiwa wanakuona. Dakika kumi na tano zinatosha kwa yote. Simu isiangalie uso wako, iangalie vidole. Iegemeze kwenye kopo la mchanga juu ya meza, wewe uelekee dirishani, dirisha lisiwe nyuma yako. Na zile picha za maua ya plastiki ukutani zishushe kwa siku hiyo, utanisamehe.

Vilivyobaki ni kuuza. Kila kikapu kipewe namba kwenye kadi kubwa inayosomeka, na ukikiinua weka chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni, watu wajue ukubwa. Taja bei kwa mdomo na iwepo kwenye kadi. Ile habari ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu, mtu anahisi unataka kwanza umpime sura. Kwa kuwa vikapu vyako havifanani, watagombea kimoja. Sheria iwe moja na itangazwe mapema: wa kwanza kuandika namba ya kikapu kwenye chati ya Zoom ndiye mwenyewe, na akifika saa 3 usiku hajalipa kinakwenda kwa wa pili. Wewe usisome hayo maandishi, utachanganyikiwa. Imani akae na simu nyingine, mtandao tofauti na wako, aandike majina kwenye daftari na kuwatumia watu lipa namba papo hapo. Mwambie awataarifu ni jina gani litatokea kabla hawajathibitisha malipo. Siku hizi kila mtu ameshatapeliwa au ana ndugu aliyetapeliwa, jina geni likitokea kwenye skrini anaghairi.

Simu hiyo ya pili ndiyo bima yako umeme ukikatika pia. Chaji zote mbili tangu asubuhi, na kama una jirani mwenye pawabenki iazime kwake.

Kwa wiki hizi mbili zilizobaki, baada ya sauti zako za mwaliko, weka kitu kimoja kila siku kwenye status ya WhatsApp, kwani hufutika baada ya saa 24 na asiyekiona leo ataona cha kesho. Visiwe mabango. Leo vidole vyako kwa sekunde ishirini, kesho milulu ikianikwa, keshokutwa bibi akikosoa ukingo ulioufunga vibaya. Ya bibi itazunguka, niamini. Bango moja linatosha, liwe na picha moja, siku, saa, na bei ya kikapu cha chini kabisa. Kijana wako akitaka kuweka rangi saba na maandishi yanayometameta mwambie nimekataa mimi.

Usiku uleule mkimaliza, kabla hujalala, waandikie hata wale waliosema watakuja wakakosa. Hao usiwanunie. Watumie picha za vilivyobaki na kile kipande cha kufunga ukingo. Kwangu waliokosa walinunua kwa aibu, na aibu ni mteja mzuri. Mizigo ya Dar na Dodoma ipeleke stendi ya Igumbilo Jumatatu asubuhi, piga picha ya risiti ya basi umtumie mwenye mzigo. Ya nje ipimwe uzito Posta wiki hii kabla hujatangaza, uwe na nauli ya EMS, ile huduma ya haraka ya Posta, mkononi mtu akikuuliza. Kikapu ni chepesi lakini kinakula nafasi, waulize kabisa kama wanapima na ukubwa wa boksi.

Na Nane Nane ikifika, usikose kuja huku viwanja vya John Mwakangale na vikapu vyako, utafikia kwangu. Watu wa kanda nzima wanapita pale, wa Njombe, Songwe, Rukwa, mpaka walioshuka kutoka Dar kuangalia mashamba ya parachichi. Tutakaa na daftari kwenye kona, atakayependa kualikwa kwenye mnada unaofuata aandike namba yake kwa mkono wake mwenyewe. Ukishakuwa na orodha ya namna hiyo, wa Septemba utajiandaa kwa siku tatu tu.

Naomba nitumie majina uliyoyaandika ikifika Jumatano, hata kama ni kumi na tano, tuone nani nimpigie mimi kwa niaba yako, maana baadhi yao ni wateja wangu wa kahawa. Imani anitumie namba ya mkutano siku mbili kabla tufanye jaribio la sauti, saa ileile ya 10, tuone na mwanga wa dirisha hilo ulivyo. Na lile kapu la mayai lenye mfuniko, lisipewe namba. Ni langu, hela naituma leo jioni.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi nduguyo,
Mama Atu