Ziara ya kriketi ya wanawake: tuanze na mkeka, si na jukwaa

Mhariri,

Arusha nzima inaongelea uwanja wa AFCON 2027, na ina haki. Tunaomba safu chache kwa ajili ya mchezo mwingine. Kila linapoibuka wazo la kuialika timu ya taifa ya kriketi ya wanawake ya Kenya au ya Uganda ije kupambana na ya kwetu hapa mjini, mazungumzo huanzia kwenye mahema, jukwaa na mgeni rasmi. Sisi tunaochora mistari na kuamua michezo hii tungependa yaanzie chini kabisa: mpira utadunda juu ya nini?

Hili si bonanza. Tangu Julai 1, 2018, ICC, yaani Baraza la Kimataifa la Kriketi, inaupa hadhi ya kimataifa mchezo wa ova 20 (ova moja ni mipira sita inayorushwa) kati ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama wake, na kila mkimbio (alama ya timu) na kila wiketi (mpigaji kutolewa) huingia kwenye kumbukumbu. Uganda walipopata mikimbio 314 kwa kupoteza wiketi 2 tu dhidi ya Mali, mjini Kigali, Juni 2019, hesabu ile iliandikwa na haitafutika. Aibu ya pichi mbovu ya Arusha, yaani ukanda wa katikati ambao mpira hudundia, nayo itaandikwa hivyohivyo.

Pichi ina mita 20.12 kutoka vijiti hadi vijiti, na upana wa mita 3.05. Unaweza kuitengeneza kwa nyasi, na hapa ndipo wengi wanapodanganywa na udongo mweusi wa mbugani, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu kama tofali. Ni mgumu kweli, lakini unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nyufa zikifika upana wa kidole, mpira uliotupwa mahali palepale mara mbili utaruka kwanza kifuani, kisha utapita kwenye kifundo cha mguu. Mfinyanzi unahitajika, ila uwe umechaguliwa na kuchanganywa vizuri, utandazwe tabaka la sentimita 10 hadi 15, upandwe ukoka, maana mizizi ndiyo inayonyonya maji ya chini na kuushika udongo. Siku 10 hadi 14 kabla ya mchezo unamwagiliwa mpaka maji yazame, halafu ni rola kila siku, nyepesi kwanza na nzito baadaye. Unyevu unaotakiwa ni ule wa unga wa chapati uliokandwa: unabonyea, lakini haunati mkononi. Ukipitisha rola kwenye matope unafunga ngozi ya juu tu na chini panabaki laini. Ukipitisha kwenye udongo uliokwisha kauka unachoma dizeli bure. Kusema kweli, kwa ziara ya karibuni njia hii tuiache, kwa sababu pichi mpya ya nyasi inataka msimu mzima kutulia.

Inabaki mkeka wa nyuzi za nazi juu ya moramu, na hatuoni sababu ya kuuonea haya. Moramu ichekechwe mpaka mawe yaishe, imwagiwe maji, ishindiliwe, kisha ikaguliwe kwa uzi na pima maji. Mkeka ufungwe upande mmoja kwanza, uvutwe na watu sita upande wa pili, ndipo upigiliwe vigingi vya chuma kila baada ya nusu mita, vichwa vikizama kabisa. Mtu mmoja atembee juu yake akiburuza viatu. Akiona wimbi mbele ya mguu, ng'oeni mwanze upya, maana mkeka uliolegea hupotosha mpira na hutelezesha mguu wa mbele wa mrushaji, na goti ndilo linalolipa. Wakati wa mapumziko kati ya timu moja kupiga na nyingine, ukazwe tena. Wageni nao waambiwe wiki kadhaa kabla kwamba watachezea mkeka, waje na viatu vya soli ya mpira. Njumu za chuma zitauchana ndani ya ova tano.

Chokaa nayo ina makosa yake. Mviringo wa ndani kwa wanawake una nusu kipenyo cha mita 23, ikipimwa kutoka kijiti cha kati cha kila upande, kisha ncha za nusu duara hizo mbili zinaunganishwa kwa mistari iliyonyooka. Wa wanaume ni mita 27.43, na huo ndio unaochorwa kwa mazoea. Katika ova sita za mwanzo ni wachezaji wawili tu wanaoruhusiwa kusimama nje ya mviringo. Ukiuchora wa wanaume, waliobaki ndani wanapata zaidi ya mita nne za kurudi nyuma, na mpira ambao mpigaji ameuinua makusudi upite juu ya vichwa vyao unadakwa. Hapo umeshaharibu mchezo kabla ya ova ya pili.

Kamba ya mpaka inakaa mita 55 hadi 64 hivi kutoka katikati ya pichi, na iwe ndani ya uzio kwa angalau mita 2.74. Uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 hautoshi, uuzungushe utakavyo. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mpira unasafiri mbali kuliko Dar es Salaam na haupindi sana angani. Tungeisogeza kamba karibu na 64.

Mpira wa wanawake una gramu 140 hadi 151. Ule wa wanaume unaanzia karibu 156, na kwa macho ni vigumu kuutofautisha, hivyo beba mizani ndogo ya dukani. Michezo mitano ni mipira 10 mipya, mmoja kwa kila timu inayopiga. Waamuzi wanahitaji pia mipira minane au kumi iliyochakaa kwa viwango tofauti, kwa kuwa uliopotea kwenye migomba hubadilishwa kwa uliochakaa sawa nao. Na kitambaa kinachowekwa nyuma ya mrushaji kiwe cheusi, maana mpira wa ova 20 ni mweupe. Tumeona vyeupe zaidi ya mara moja.

Majira: Juni hadi Septemba. Masika na vuli tuyaache. Mchezo uanze saa 8 mchana uishe saa 11 jioni, umande wa asubuhi ukiwa umekwisha na jua halijazama. Vyoo vya wachezaji viwe na maji na komeo linalofunga, na hilo lisihitaji barua.

Tuna ombi moja kuhusu hesabu za ushindi. England na Australia, waliocheza Test (mchezo mrefu wa siku kadhaa) ya kwanza ya wanawake Brisbane Desemba 1934, tangu 2013 wanajumlisha pointi za ziara nzima. Kombe lao linaitwa Ashes, yaani majivu, na majivu yenyewe ni ya kibao kidogo cha kupigia kilichochomwa kwenye kaango pale uwanja wa Lord's, London, mwaka 1998. Test ina pointi 4, kila mchezo wa ova 50 au 20 pointi 2. Mwaka 2023 Australia waliongoza 6–0, England wakapanda mpaka 8–8, na kombe likabaki Australia kwa sababu ndio waliokuwa nalo. Mwaka 2025 ikawa 16–0 kwa Australia.

Kwetu ziara ingekuwa ya ova 20 tupu: michezo mitano, pointi 2 kila mmoja. Mtu atasema mitano haiwezi kuleta sare. Inaweza. Mvua ikizuia hata timu moja kati ya hizo mbili kupata ova zake 5, mchezo mmoja unafutwa, kila timu inachukua pointi 1, na mingine minne wakigawana miwili miwili, 5–5 hiyo hapo. Kwa kuwa kombe jipya halina anayelishikilia, kanuni ya nani alichukue isainiwe na mameneja wote wawili kabla ya mpira wa kwanza, si jioni ya siku ya tano, mkeka umeshakunjwa na basi la wageni linanguruma kuelekea Namanga.

Waamuzi na watengeneza viwanja vya kriketi,
Arusha