Kaka, hiyo kesi yako ni ya tangu enzi za santuri

Mambo kaka, natumai hapo nyumbani wote wazima. Ile meseji yako ya sauti nimeisikiliza mpaka mwisho, matusi yote haha, na nakuelewa, mtu adaunlodi wimbo wako aupandishe kwa jina lake lazima iume. Ila pale uliposema zamani muziki ulikuwa na heshima, hapo nakukatalia kabisa.

Cheki New York 1909. Kulikuwa na kampuni ya santuri inaitwa Continental, jamaa wake mmoja ni Bradley. Kazi yao ilikuwa simpo tu, wananunua santuri orijino za opera, za Fonotipia ya Milan na za Victor (ile yenye picha ya mbwa anasikiliza gramafoni, babu yako lazima anamjua huyo mbwa), wanaifunika sahani shaba kwa njia ya umeme wanapata kalibu, halafu wanagonga kopi zao na kuuza bei chee. Mwimbaji hawamlipi, bendi hawailipi, yaani hawana hata kinanda. Wenye mali wakaenda mahakamani, na hapo ndo utamu, maana sheria ya hakimiliki Marekani ilikuwa haiitambui sauti iliyorekodiwa, hata kidogo. Jaji Chatfield ikabidi apitie mlango wa uani, akasema huo ni ushindani usio wa haki, mtu anavuna gharama na ujuzi wa mwenzake, tena kwa kopi mbovu. Akawapiga stopu.

Sasa usiwashangilie haraka hao Victor. Miaka yote hiyo kampuni za santuri zilikuwa zinarekodi nyimbo za watunzi bila kuwapa hata senti, mpaka Sousa, yule mzee wa muziki wa brasi bendi, akaenda kulalamika Bunge la Marekani 1906. Halafu 1908 Mahakama ya Juu yao, kwenye kesi ya kampuni mbili, White-Smith na Apollo, ikaamua kwamba zile roli za karatasi zenye matundu, za piano inayojipiga yenyewe, sio kopi ya wimbo kwa vile mtu hawezi kuzisoma kama nota. Nilicheka peke yangu. Bunge ndo likaja kurekebisha 1909, mtunzi alipwe senti 2 kwa kila kopi, na senti 2 hiyo hiyo ikakaa mpaka 1978 haijapanda!

Na mwimbaji je? Kuna mtu anaitwa George W. Johnson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia enzi za utumwa, staa mkubwa wa miaka ya 1890. Wakati huo wanarekodi kwenye silinda za nta na kuzinakili ilikuwa shughuli pevu, kwa hiyo wanapanga mashine kadhaa mbele yake anaimba, wanabadilisha silinda, anaimba tena wimbo ule ule wa kucheka, na kicheko kile kile, wanasema hata mara 50 kwa siku, kwa kama senti 20 kila akiimba. Baadaye kampuni zenyewe zikajua kutoa kopi kibao kwenye kalibu moja, basi, wa nini tena wa kurudia? Kazi ikaisha, akafa maskini 1914. Kopi zilizomtoa Johnson mjini zilikuwa halali kaka, hakuna aliyeshtakiwa, ndo maana mi wenye lebo, yaani kampuni za kurekodi, wakianza kulia wameibiwa huwa nawaangalia tu.

Kwa hiyo kabla hujampa huyo wakili hela, muulize kwanza masta ya wimbo, yaani ile rekodi yenyewe ya kwanza, ni ya nani, yako au ya studio, maana pale si ulirekodi bure na karatasi ukasaini bila kusoma? Kama ni yao, kesi ya rekodi ni yao pia, wewe utaitwa kama shahidi tu, ila mashairi na melodi, kama hukuvitoa kwenye hiyo karatasi, ni vyako, ukibana hapo unaweza kupata kitu. Ipige picha hiyo karatasi unitumie leo leo. Na msalimie shemeji, mwambie tende zimefika.