Salum, unga wa mlonge si ngao ya simu

Salum ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Nianze na lile la haraka: huo unga wa mlonge "unaofyonza mionzi ya simu" usiununue tena. Mlonge wenyewe hauna kosa. Ila hakuna jani linalofyonza mionzi, na wauzaji wanajua kuwa anayetafuta mtoto hapunguziwi bei wala haombi apunguziwe.

Maneno yao, kwamba simu inaharibu mbegu za kiume na mlonge unazikinga, yanaingia akilini kwa sababu yana chembe ya ukweli. Utando wa mbegu ya kiume umejaa mafuta laini yanayoharibika upesi, na mbegu yenyewe ni ndogo mno kubeba vimeng'enya vya kutosha kujilinda. Radikali huru, yaani chembechembe za kikemikali zinazoshambulia mafuta hayo, zikizidi, utando unachacha kama mafuta yaliyosahaulika juani, na mkia unakosa nguvu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliweka shahawa sentimita 2.5 kutoka kwenye simu iliyo hewani kwa saa nzima. Radikali ziliongezeka, mwendo wa mbegu ukapungua. Lakini hizo zilikuwa shahawa kwenye chombo, bila ngozi juu yake wala damu ya kuzipoza.

Kuna pia panya waliopigwa mawimbi ya simu ya megahezi 900 huku wakipewa dondoo (kiini kilichokamuliwa) ya majani ya mlonge, miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito, na madhara yakaonekana kupungua. Sasa piga hesabu. Dozi ya panya ukiipeleka kwa mtu unaigawa kwa 6.2, kwa hiyo mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 2 na robo kila siku, tena za dondoo, si za unga. Kijiko cha chai cha unga hakifanyi kazi hiyo. Majani yapike kama mboga. Ukitaka kuyakausha, yaanike kivulini. Mizizi na magome usiguse, yana sumu. Na kama unameza dawa za kisukari au presha, mwambie daktari kwanza, maana mlonge nao unaweza kushusha sukari na presha.

Kwa binadamu, utafiti mkubwa ninaouamini ni wa Uswisi, uliotoka 2023: vijana 2,886. Waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na wastani wa kati wa mbegu milioni 44.5 kwa mililita. Waliotumia mara moja kwa wiki au chini ya hapo, milioni 56.5. Mwendo wa mbegu haukutofautiana, na kuweka simu mfuko wa suruali hakukuonyesha tofauti yoyote. Uhusiano ulikuwa mkubwa kwa waliopimwa miaka ya mwanzo, ukafifia baadaye. Inaelekeana na mitambo yenyewe: simu ya 2G inaweza kufika wati 2, ya 4G haizidi robo ya wati. Ndiyo maana kitochi bondeni penye mtandao wa kuotea ndicho kinachotuma kwa nguvu zote. Pakiwa hivyo, subiri ufike penye mtandao, au tumia spika. Zile stika za kuzuia mionzi achana nazo. Stika ikiwa kweli inaziba antena, simu inaongeza nguvu ili isikike.

Kwa kazi yako ya ufundi simu, mimi ningeogopa vitu viwili kabla ya mawimbi. Cha kwanza ni risasi. Waya wa kuchomelea wa 60/40 una asilimia 40 ya risasi, na risasi inaharibu mbegu. Haikuingii sana kwa ule moshi, huo ni wa dawa ya kuchomelea. Inakuingia kwa vidole, unaposhika waya halafu ukamega chapati. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na usiushike waya kwa meno. Cha pili ni joto. Korodani hutaka nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Vipimo vya New York vya 2005 vilionyesha kuwa laptopu mapajani kwa saa moja inapandisha joto la hapo kwa nyuzi zaidi ya 2.5, na kubana mapaja tu kunapandisha 2.1. Iweke mezani, na usimame kila baada ya muda.

Chakula ni cha kawaida tu: nyanya zilizopikwa kwa mafuta (laikopini yake, ile rangi nyekundu, inafyonzwa mwilini vizuri kuliko ya nyanya mbichi), pera moja kwa siku, karanga, mboga za majani. Vidonge sivipigii debe. Jaribio la Marekani la 2020 liliwapa wanaume miligramu 30 za madini ya zinki na 5 za vitamini ya asidi ya foliki kila siku kwa miezi sita, kwenye wanandoa 2,370, na watoto waliozaliwa hawakuongezeka. Matumbo ndiyo yaliyosumbua zaidi. Kuzidisha nako kuna hasara, kwani mbegu inahitaji radikali kidogo ili iweze kuingia kwenye yai.

Kabla ya yote hayo, pima shahawa. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Tumia kikopo safi cha maabara, bila mate, sabuni wala kondomu ya kawaida. Tone la kwanza lisipotee, ndilo lenye mbegu nyingi, likimwagika, sema. Kiweke karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja. Kama uliugua malaria ndani ya miezi mitatu iliyopita, waambie, maana mbegu hutengenezwa kwa siku kama 74 na homa inazivuruga. Muombe daktari pia akukague ukiwa umesimama: mishipa iliyovimba juu ya korodani, laini kama mfuko wa minyoo, hutokea sana kwa wanaume wenye shida ya kupata mtoto, na inatibika.

Majibu yakitoka nitumie tarakimu zote, usiniandikie "nzuri" au "mbaya". Kikomo cha chini cha WHO ni mililita 1.4 za shahawa, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 30 zinazokwenda mbele. Na shemeji naye apimwe wiki hiyohiyo, asisubiri yako.

Ndugu yako,
Mussa