Shule ilimwondoa binti wa dada, sasa imempokea wangu

Shangazi, shikamoo.

Naomba nafasi kwako, na wasomaji wenzangu mliosomesha mabinti kwa masista mnisaidie pia. Tarehe 20 mwezi huu wa Desemba natakiwa niwe nimelipa ada ya awamu ya kwanza, na mpaka leo sijui nalipa au silipi.

Naishi Morogoro, nina watoto watatu. Wa kwanza, binti, amemaliza darasa la saba mwaka huu. Alifanya mtihani wa kujiunga na sekondari moja ya wasichana, ya bweni, ya Kanisa Katoliki, iliyoko mkoa wa jirani. Jina la shule nalihifadhi. Siku ya mtihani wazazi tulikuwa wengi mpaka magari yakaegeshwa barabarani, watoto mia tano na ushee wakigombea nafasi 120. Wangu akapita. Jumamosi iliyofuata jumuiya nzima walimpigia vigelegele kama aliyekwisha kumaliza chuo.

Lazima nieleze kwanza nyumba tuliyotoka. Mama yetu, Mungu amrehemu, alisoma Marian College hapahapa Morogoro, kwa masista wa Maryknoll, kabla serikali haijaitaifisha ikawa Kilakala. Mpaka uzee wake alikunja shuka kwa namna aliyofundishwa bweni, na barua zake hazikuwa na kosa la nukta. Kwetu sisi "amesoma kwa masista" ilikuwa sifa inayotosha, hakuna aliyeuliza masista gani wala shule ipi. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeirithi imani hiyo kuliko sote, kwa hiyo binti yake alipofaulu darasa la saba mwaka 2020, hakufikiria mara mbili. Alimpeleka shule hiihii ninayoizungumzia.

Mtoto akakaa miaka miwili. Novemba 2022, siku chache baada ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, dada akapigiwa simu aende na usafiri unaoweza kubeba tranka. Alijua mtoto anaumwa. Kufika, akapewa ripoti: wastani 57, na wastani unaotakiwa na shule ni 60. Chini yake mwalimu ameandika kwamba mwanafunzi "anashauriwa kutafuta shule itakayomfaa". Kisha akapewa karatasi nyeupe aandike barua ya kuomba uhamisho. Aandike yeye, kwa mwandiko wake. Wizara imeshakemea mara nyingi shule zinazoondoa watoto kwa ajili ya wastani, lakini ukienda leo kwenye faili utakuta mzazi ndiye aliyeomba. Wamemfukuza nani?

Walirudi kwa basi mpaka Msamvu, pale wakapanda bajaji, godoro limefungwa juu kwa kamba ya katani. Mimi ndiye niliyewapokea. Mtoto alilala kwangu wiki mbili kwa sababu hakutaka majirani zao wamwone kabla shule hazijafungwa. Januari matokeo ya kitaifa yakatoka: divisheni two. Kwa Baraza la Mitihani alikuwa amefaulu vizuri tu, kwa shule yake hakutosha.

Tangu siku hiyo dada hataki kusikia jina la shule ile. Na mimi mdogo wake nimempeleka binti yangu kufanya mtihani palepale. Sikumwambia. Alisikia kwenye jumuiya, siku ya vigelegele.

Najua utaniuliza, Shangazi, kwa nini nilimpeleka. Nilimpeleka kwa sababu mtoto mwenyewe aliitaka, na kwa sababu kila mtu anaisifia. Zamani tulikuwa tunasubiri kumi bora ya taifa, na shule za wasichana za Kikatoliki zilituheshimisha, St. Francis ya Mbeya ilikamata namba moja kidato cha nne mwaka 2017. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza kumi bora, na sasa kila shule inajitangazia kumi bora yake. Hii yetu ina bango kubwa kwenye kona ya kutokea lami: ASILIMIA 100 DIVISHENI WANI NA TWO. Nililiona mara tatu kabla ya kujiuliza asilimia mia ya wangapi.

Swali hilo lilinipeleka steshenari ya kijana mmoja mtaani kwetu. Nilimwomba anifungulie matokeo ya Baraza, kidato cha pili mwaka 2022 na kidato cha nne mwaka 2024, yaani kundi lilelile la watoto. Yapo wazi, kila shule na namba yake ya kituo, na mtu yeyote anaweza kuhesabu. Mwaka 2022 walifanya mtihani wasichana 118. Mwaka 2024 walikuwa 83. Wote 83 wana divisheni wani na two kweli, bango halidanganyi. Lakini 35 hawapo. Kijana wa steshenari, ambaye hata hakujua ninatafuta nini, akasema, "Mama, hapa watu wamepungua." Na nasikia shule ile hupokea wachache wapya kidato cha tatu, kwa hiyo walioondoka huenda ni zaidi ya hao 35. Sisemi wote waliondolewa. Wapo walioshindwa ada, wapo ambao wazazi walihamishwa kikazi. Mmoja namjua, alilala kwangu wiki mbili.

Nikamlipa buku jingine anifungulie shule nyingine, nayo ya masista, shirika jingine, haina bango wala lami. Kidato cha pili 64, kidato cha nne 62. Wani 19, two 24, three 15, na four wanne. Nilikaa nikiwatazama hao wanne. Shule ilikubali wahesabiwe kwa jina lake. Nilipiga simu, sista aliyepokea akasema nafasi zipo, ada ni milioni mbili na laki nne kwa mwaka. Ile ya bango ni milioni tatu na laki sita, bila sare, bila michango ya mitihani ya majaribio. Nikamweleza binti yangu kwa furaha. Akaniangalia. "Mama, hiyo nani anaijua?"

Baba yake ana msimamo wake. Ni fundi umeme, kipato chetu kinapanda na kushuka. Anasema mtoto amepangiwa shule ya kata, haina ada, aende huko, na kwa nusu ya pesa hiyo tumlipie tuisheni. Shule yenyewe ni mwendo wa dakika arobaini kwa mguu, njia inapita kwenye mashamba ya mkonge, na mwaka huu walimu wa fizikia wapo nusu, yaani ni mmoja anayegawana na shule nyingine. Nimemwambia hilo siwezi, amenyamaza. Hajakubali, amenyamaza tu.

Sasa nisiwe kama ninaisema shule kwa ubaya peke yake. Binti wa dada alipokuwa kidato cha kwanza alipandisha malaria usiku wa manane. Sista msimamizi wa bweni alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, akamkimbiza hospitali ya misheni, akakaa naye mpaka kulipokucha na kurudi kufundisha kipindi cha kwanza. Dada mwenyewe hilo halikatai. Na Kiingereza alichotoka nacho mtoto yule, na namna anavyopanga siku yake, hakukitoa kwetu. Kidato cha nne alimalizia shule nyingine, akapata divisheni two ya pointi 19, sasa yuko kidato cha tano.

Siku ya mtihani lakini niliona jambo. Nilikwenda kutafuta choo, nikamkuta binti mmoja wa shule, kidato cha tatu hivi, anafua soksi kwenye bomba. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Mwanangu, hapa mnaishije?" Kabla ya kunijibu alitazama dirisha la ofisi. Halafu akasema, "Tunaishi vizuri, mama," akaendelea kufua soksi ileile ambayo ilikwisha kuwa nyeupe. Labda ni heshima tu. Labda wanakatazwa kuzungumza na wageni siku za mitihani. Nimelala na lile dirisha usiku mwingi.

Dada alikuja wiki iliyopita. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Utampeleka mwanao kwa watu waliomtoa mwanangu? Wakimbakiza wako, utakuwa umesema wangu alikuwa mjinga." Nilijaribu kumwambia habari ya 118 na 83, kwamba hakuwa peke yake, kwamba haikuwa mtoto wake tu. Hakutaka hesabu. Nadhani nilikosea kuanza na hesabu.

Aliyenichanganya zaidi ni binti wa dada mwenyewe. Yuko likizo, akaja kunisaidia kupika, nikamuuliza kwa kujifanya nawaza mengine. Akasema bila kugeuka, "Mama mdogo, mpeleke. Mimi pale nilijifunza kusoma. Ila mwambie asije akaogopa kusema hajaelewa. Mimi niliogopa, kwa sababu anayesema hajaelewa anajulikana." Nikamuuliza, wewe ungerudi? Akafikiri kidogo, akasema angerudi kidato cha kwanza, cha pili hapana.

Kwa hiyo, Shangazi, na ninyi wasomaji, ninayoomba ni haya. Wanaojua hesabu za mitihani wanieleze kama nimesoma vibaya, kama watoto 35 kupungua kwa miaka miwili ni kawaida kwa shule za bweni za kulipia au si kawaida. Waliowahi kuwa walimu kwenye shule hizi waniambie nimuulizeje mkuu wa shule kuhusu wastani wa 60 kabla ya kulipa, bila mtoto kuingia akiwa na alama mgongoni kwamba mama yake ni mkorofi. Nimefikiria kuomba wanipe utaratibu huo kwa maandishi, wenye muhuri. Watanipa? Na je, ni haki kumnyima mtoto wa miaka 13 shule aliyoipata kwa jasho lake kwa sababu ya jambo lililompata binamu yake, au nimlazimishe ile ndogo anayosema haijulikani, anichukie mpaka kidato cha nne?

La dada nakuachia wewe, Shangazi, maana huko hesabu hazinisaidii.

Fomu ya kujiunga ninayo hapa mezani: ndoo mbili, fyekeo, fagio la chelewa, rimu mbili za karatasi, shuka za bluu jozi mbili, tranka, godoro la futi mbili na nusu. Nilikuwa sijanunua hata kimoja. Juzi jioni binti wa dada akapita na bodaboda, akashusha lile godoro lake, limefutwa vumbi, namba yake ya bweni bado inasomeka pembeni kwa rangi nyekundu. Akasema, "Usinunue, hili bado zima." Liko sebuleni kwangu, nimelisimamisha nyuma ya kochi. Dada hajui.

Mama wa binti,
Morogoro