Mafundi wa laptopu, pimeni kwanza kabla hamjatuuzia kadi ya waifai

Ndugu mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumzie hili la laptopu kukata kata intaneti, mana watu wanapoteza hela nyingi kwa hili jambo na mimi nusura nipoteze.

Nina steshenari hapa Morogoro, kazi yangu kubwa ni kuwajazia vijana maombi ya mtandaoni, mkopo wa chuo, ajira na mengineyo. Msimu wa maombi ukifika foleni inafika nje, alafu laptopu inakata waifai katikati ya fomu, inarudi, dakika tano tena imekata, mteja kakaa hapo kashika vyeti vyake anakuangalia na fomu inabidi muianze upya. Inauma sana mana kuna mwingine katoka kijijini kwa nauli ya kukopa.

Nikapeleka kwa fundi. Hakuifungua, aliiwasha tu akasema kadi ya waifai, yaani kile kifaa kidogo cha ndani kinachoshika waifai, imekufa nilete hela ya mpya, na kama ninaweza ninunue laptopu nyingine kabisa. Nikarudi kujipanga, ndo kijana wa jirani anayesoma chuo akaniuliza, dada, na simu yako hapo hapo mezani inakata? Nikakumbuka simu haijawahi kukata hata siku moja na iko kwenye waifai ileile.

Hicho ndo kipimo cha kwanza na hakina gharama yoyote. Simu na laptopu zikikata zote kwa pamoja, angalia ruta, yaani kile kiboksi kinachogawa waifai, au mtandao unaoingia. Ukitaka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili fungua ukurasa wa ruta yenyewe kwa kuandika namba yake pale unapoandikaga jina la tovuti, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ukifunguka vizuri wakati tovuti nyingine hazifunguki, basi waifai yako ni nzima na wa kupigiwa ni waliokuuzia intaneti. Ikikata laptopu peke yake ndo uanze kuishughulikia laptopu.

Ya kwangu tukagundua inakata zaidi nikichomoa chaji. Kumbe Windows ina kawaida ya kuizima kadi ya waifai ili kutunza betri, unaingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, unabofya mara mbili jina la kadi, unatafuta Power Management alafu unatoa tiki kwenye ile ruhusa ya kuzima kifaa. Ikatulia kiasi, ila bado simu ilikua inaonyesha mistari yote na laptopu pembeni yake inaonyesha mmoja, nikisogea hatua mbili imepotea. Nikaenda kwa fundi mwingine, huyu akaniuliza kama nilishawahi kubadilisha kioo. Nilibadilisha kweli, mwaka jana. Akafungua kifuniko cha chini akanionyesha, antena za waifai kwenye laptopu nyingi zimezungushwa pembeni ya kioo, vinyaya vyake vinapita kwenye bawaba vinashuka mpaka kwenye kadi, na kimoja kilikua kimechomoka kinaning'inia tu. Akakibana kikalia, akaniomba elfu kumi. Mwaka mzima nimeteseka kwa waya mdogo kuliko uzi wa kushonea!

Na kuna mengine ambayo fundi angeuliza tu angeyajua. Fremu zetu zimepangana kumi na kila fremu ina ruta yake, zote kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ambako chaneli, yaani njia ndogo ndogo ndani ya masafa hayo, zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, sasa hapo lazima zisumbuane, kama ruta na laptopu yako zina gigahezi 5 hamia huko ila usikae mbali mana hayapiti vizuri kwenye kuta. Hata disk ya nje ya USB 3.0 ikiwa imebanana na laptopu inaweza kuvuruga waifai ya 2.4, Intel wenyewe, wale watengeneza chipu za kompyuta, walishaliandikia hilo mwaka 2012, isogeze tu kwa waya mrefu kidogo. Na ruta jamani msiifiche nyuma ya tivii wala ndani ya kabati la chuma.

Ninachowaomba mafundi ni viwili. Mteja akileta laptopu inayokata, iwasheni pamoja na simu mbele yake, kwenye waifai moja, dakika kumi, ndo mtaje bei. Na mkimaliza kubadilisha kioo, kabla hamjamkabidhi mtu mali yake, unganisheni waifai mtembee nayo mpaka mlangoni muone kama bado inashika. Mhariri kama mna ukurasa wa teknolojia naomba hili mliandike kwa urefu, mana msimu wa maombi ya mikopo unakuja na wengi wetu wenye steshenari tunategemea laptopu moja tu.

Mama steshenari,
Morogoro