"Expand" si "panua" tu

Mhariri,

Kamusi nyingi ndogo hukimaliza kitenzi cha Kiingereza "expand" kwa neno moja, "panua", na hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kupotea.

Kitenzi hiki hukubali kuwa na yambwa, yaani kinachotendwa, au kukosa. Katika "metals expand when heated" hakuna yambwa: metali hutanuka yenyewe. Reli ya chuma ya mita 100 hurefuka kama milimita 12 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi. Katika "they expanded the school" kuna watendaji na kuna kinachotendwa. Hapo "panua" inafaa kabisa.

Tatizo kubwa ni "expand on". Mtahini akiandika "expand on your answer" anataka maelezo zaidi, wala hajali ukubwa wa mwandiko! Kihusishi ni "on". "Expand about" ni kosa. Katika aljebra, "expand 3(x + 4)" ni agizo la kufungua mabano: zidisha 3 kwa kila kilichomo, upate 3x + 12. Wengi huzidisha x peke yake, wakaandika 3x + 4.

Tena si kila kuongezeka ni "expand". Bei ikipanda, sema "increase" au "rise". Mtoto akikua ni "grow". Goti lililoumia likivimba ni "swell".

Kuna pia "expansive", yaani -pana, ambayo wengi huichanganya na "expensive", yaani ghali. Tofauti ni irabu moja tu, lakini mhusika atakayesifiwa kwa moyo wake mpana hatafurahi kuitwa ghali.

Mwalimu wa Kiingereza