Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Polima na Antibiotiki Dhidi ya Bakteria Sugu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana kwenye siku yetu ya sayansi. Wewe ni mfamasia, kwa hiyo mengi tutakayosema unayajua kutuzidi. Tuvumilie, wapo humu wanaoyasikia leo kwa mara ya kwanza.

Mwaka huu tumeiacha ile volkano ya siki na magadi, tukajikita kwenye bakteria sugu, yaani wasiouawa tena na dawa, na jinsi polima zinavyoweza kuisaidia antibiotiki, dawa ya kuua bakteria. Alexander Fleming, alipotunukiwa Nobel mwaka 1945 kwa ugunduzi wa penisilini, alionya kuwa dozi hafifu huwazoesha bakteria dawa badala ya kuwaua. Watafiti wamekadiria kuwa mwaka 2019 usugu huo ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27.

Mheshimiwa, kwenye meza namba tatu utaona shanga zimetungwa kwenye uzi. Shanga moja ni monoma, yaani molekuli ndogo; uzi mzima ni polima, yaani mnyororo wa molekuli hizo. Zile nyekundu tumezichora alama ya kujumlisha, maana polima tunazozizungumzia zina chaji chanya, na ngozi ya nje ya bakteria, yaani utando, ina chaji hasi. Polima hunata pale, ikaulegeza utando. Hapo ndipo antibiotiki inapopata upenyo.

Chukua antibiotiki iitwayo rifampisini. Bakteria kama E. koli wana utando wa nje unaoizuia dawa hiyo isiingie kwa wingi, ingawa shabaha yake imo ndani. Ukiulegeza utando kwa polima, kiasi kidogo cha dawa hufanya kazi ambayo awali kiasi kikubwa kilishindwa. Maabara hupima jambo hili kwenye sahani yenye visima 96: dawa inapunguzwa kuelekea upande mmoja, polima upande mwingine, kisha vinatafutwa visima vilivyobaki maji maangavu. Kisima chenye ukungu, bakteria wameshinda.

Tukiri kosa letu. Bango la kwanza tuliliandika kwa wino mzito: “Polima haiachi kitu!” Mwalimu wetu mlezi akalisoma, akauliza, “Hata chembe nyekundu za damu?” Tukanyamaza. Kumbe hilo ndilo fumbo kubwa la watafiti, kwani polima inayopasua utando wa bakteria inaweza kupasua na wa kwetu. Seli zetu zina chaji hasi pungufu kwa nje kuliko za bakteria, na tofauti hiyo ndogo ndiyo wanayoitegemea. Bango tumelichana.

Wala tusidhani bakteria watakaa wakitutazama. Antibiotiki iitwayo kolistini nayo hushambulia utando kwa chaji chanya, lakini mwaka 2015 iliripotiwa jeni iitwayo mcr-1, inayopunguza chaji hasi ya utando na kuruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Changamoto yetu ni vifaa. Bakteria sugu hatuwafugi shuleni, na hatuombi kuwafuga. Tunaomba mikroskopu moja yenye uwezo wa kukuza mara 1,000, pamoja na ziara ya siku moja kwenye maabara unayoifahamu, tukaione sahani ya visima 96 kwa macho yetu. Hadi sasa tumeiona kwenye picha tu.

Mheshimiwa, tunakuomba uanzie meza namba tatu. Mezani kuna uzi mmoja ambao haujafungwa fundo; shanga ya mwisho tumekuachia wewe.

Ni sisi, wanaklabu.